Simu mbili, njia moja, kila moja inaonesha sehemu yake: GPS porini tuiamini kiasi gani?

#1 Kigoda_Ubungo
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Wikiendi tulikuwa Morogoro, tumepanda kilele cha Lupanga kwenye milima ya Uluguru, mchanganyiko wa watu wa mtaani na wa kazini. Kupanda hakukuwa na neno, tulikuwa na kijana mwenyeji anaongoza. Wakati wa kushuka kundi likakatika, waliochoka nyuma na wenye haraka mbele, mwenyeji kabaki na waliochoka, ukungu nao ukashuka. Tumefika kwenye njia panda mle msituni kabla hujatokea mashambani, simu yangu inasema tuko kwenye njia safi kabisa, simu ya jamaa yangu inasema njia tumeiacha kitambo na tuko ng'ambo ya korongo. Zote GPS iko on, zote hazishiki mtandao. Mimi natumia programu ya ramani ya Organic Maps, yeye OsmAnd na ndani yake kuna faili la njia alirushiwa WhatsApp. Na tofauti siyo ya hatua kumi, kwa macho kwenye kioo ni kama mita mia tatu. Tulichofanya tukakaa chini tukala karanga mpaka mwenyeji akatufikia.

Sasa nani alikuwa sahihi na kwa nini? Na nyie mnaoenda porini kweli kweli, siyo Pugu, mnabeba nini cha kuaminika? Maana kwenye kosta watu wamebishana kutoka Msamvu mpaka Kibaha na hakuna kilichoeleweka.

#2 Mchele_wa_Kyela
Nimekaa paleee na bisi zangu nasubiri wajuvi 😂

#3 Bongo_Haiki
Rahisi sana hiyo. Simu inatumia minara, hakuna mnara simu inakisia, kila simu inakisia kivyake. Nunueni GPS ya mkononi mtulie, simu ni ya kupigia picha.

#4 Fundi_Minara
#3 hapana mkuu, usipotoshe watu. Ndani ya simu kuna kipokezi kinachosikiliza satelaiti moja kwa moja, ziko kama kilomita 20,200 juu. Simu haitumi chochote kule, inasikiliza tu, na simu nyingi ukiweka flaiti modi au ukichomoa laini bado inasikia. Mnara kazi yake ni kuisaidia ianze haraka, inapewa orodha ya satelaiti ziko wapi muda huo. Bila huo msaada inabidi ipakue yenyewe kutoka angani, na ikiwa imekaa muda mrefu imezimwa inaweza ikachukua zaidi ya dakika kumi na mbili kupata orodha nzima. Kwa hiyo ukizima mtandao porini GPS haifi, inachelewa kuamka tu.

Ila kuna kitu kimoja #3 amekigusa bila kujua. Simu ikikosa satelaiti kabisa halafu ikashika mnara wa mbali, itakupa sehemu ya kubahatisha, na utaijua kwa sababu lile duara la rangi kuzunguka nukta linakuwa kubwa kama kata nzima. Kwa hiyo mleta uzi: duara lilikuwa kubwa au dogo? Na je kuna simu ilikuwa kwenye kusevu betri?

Halafu sijaelewa "hazishiki mtandao". Kilele cha Bondwa hapo jirani, juu kumejaa minara.

#5 Mluguru_Halisi
Minara ya Bondwa ukiwa korongoni haikusaidii chochote, mgongo wa mlima umesimama katikati. Sisi wenyewe kuna sehemu tunapiga simu tukiwa tumesimama juu ya jiwe fulani tu, ukishuka hatua mbili imekata.

#6 Kigoda_Ubungo
Fundi_Minara duara lilikuwa dogo kwa simu zote mbili, ndiyo maana kila mtu alikuwa anajiamini. Kusevu betri yangu ilikuwa on, ya jamaa sijui, ngoja nimtag akijiunga.

#7 Shangazi_wa_Njia
Basi kesi imeisha hapo, mtuhumiwa ni kusevu betri. Mimi ndo naandaaga safari za kundi letu la akina mama, tukiwa Magamba kule Lushoto kuna dada alirekodi njia simu ikiwa mfukoni, jioni kufungua njia nzima imechorwa mistari iliyonyooka kama kapita juu ya miti na mabonde. Simu nyingi za Android ukiweka kusevu betri, kioo kikizima na lokesheni inalala. Ukiwasha kioo inakuonesha mahali ulipokuwa mwanzo, na duara dogo lile lile la zamani, mpaka ipate satelaiti upya. Kama Kigoda aliitoa simu mfukoni na kuitazama sekunde mbili akaamua, aliangalia historia.

Dawa: iache simu sehemu moja, kioo kikiwa wazi, nje ya mfuko, dakika nzima. Usitembee nayo huku unabishana.

#8 Pima_Pima
Nipite na upande mwingine kabisa kwa sababu hiyo namba mia tatu imenishtua.

Ramani zetu za karatasi za 1:50,000, zile zilizoanza kuchorwa enzi za Directorate of Overseas Surveys ya Waingereza, zimejengwa kwenye datamu (msingi wa vipimo vya ramani) inaitwa Arc 1960. Simu na GPS zote zinatumia datamu nyingine, WGS84. Dunia ni ile ile ila hesabu ya umbo lake na mahali pa kuanzia kupima ni tofauti. Ukichukua namba za gridi ya UTM (zile za kuonesha mahali kwa mita) kutoka kwenye ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu hivyo hivyo bila kuzigeuza, huku kwetu unahama karibu mita 300 kaskazini-kusini, na kidogo mashariki-magharibi. Kwenye karatasi ni milimita sita tu, hata huoni. Kwenye mteremko wa Uluguru milimita sita ni korongo lingine.

Kwa hiyo swali langu ni moja: lile faili la WhatsApp alilitengeneza nani na kwa kutumia nini? Kama kuna mtu alikaa na ramani ya zamani iliyoskaniwa akafuatisha njia kwa mausi, simu zote mbili zilikuwa sahihi. Mwongo ni ule mstari.

#9 Mchele_wa_Kyela
Kumbe kuna dunia ya 1960 na dunia ya sasa na zimepishana mita mia tatu. Ndo maana shamba langu la Kisarawe kila nikienda limehama 😂😂

#10 Pima_Pima
Mkuu unacheka lakini migogoro ya mipaka ya namna hiyo ipo. La Kisarawe lako hata hivyo nadhani limehamishwa na jirani.

#11 Msitu_Mnene
Mimi kusevu betri naikubali nusu, datamu naikubali robo. Mnasahau msitu wenyewe. Mle Lupanga juu miti imefunga, majani yamelowa, unatembea kwenye mfereji kati ya kuta mbili za mlima. Simu inaona kipande kidogo cha anga, na mawimbi mengine yanafika baada ya kugonga ukuta wa mlima kwanza, yamechelewa, simu inahesabu umbali mrefu kuliko ulivyo. Anga likiwa wazi simu ya kawaida inakosea kama mita tano. Ndani ya korongo zidisha mara kadhaa. Na lile duara dogo mnaloliamini ni simu inajitathmini yenyewe, mwanafunzi anajisahihishia mtihani.

Simu zinazopokea masafa mawili, L1 na L5, zinavumilia hilo vizuri zaidi. Ya kwanza ilikuwa Xiaomi Mi 8 mwaka 2018, siku hizi zipo nyingi mpaka za bei ya kati. Kwa hiyo inawezekana kabisa simu moja ni ya masafa mawili na nyingine moja.

#12 Pima_Pima
Kugonga ukuta kunakupa mita ishirini, thelathini, hamsini siku mbaya. Mia tatu na ikatulia hapo hapo? Mawimbi ya kugonga yanaifanya nukta irukeruke. Kigoda, ilikuwa inaruka au imetulia?

#13 Kigoda_Ubungo
Ya jamaa imetulia. Yangu sikumbuki mkuu, nilikuwa nimeshaanza kusali.

#14 Nahodha_Mstaafu
Vijana mnasumbuka na vioo. Sisi Kunduchi tumetoka na kurudi usiku kwa nyota na upepo, kusi linajulikana kwao na kaskazi linajulikana kwake, na dira moja ya shaba ya chombo. Porini mtu abebe dira na ramani, simu iwe ya kumpigia mkewe.

#15 Shangazi_wa_Njia
Shikamoo mzee wangu. Dira naikubali, ila upepo wa mlimani mchana unapanda bondeni na usiku unashuka, hauna kusi wala kaskazi yule. Na nyota chini ya ile miti hata mwezi huuoni.

#16 Nahodha_Mstaafu
Marahaba binti. Hilo la upepo umenipata. Lakini ukitoka kwenye uwanda wa wazi utafute ule Msalaba wa Kusini, refusha ule mti wake mrefu mara nne na nusu, shuka chini mpaka kwenye upeo, hapo ndo kusini. Ile nyota ya kaskazini wanayoisifia Wazungu huku Dar huioni, iko chini ya upeo.

#17 Dogo_Tabata
Mbona kuna njia ya saa ya mkono, unaelekeza mshale wa saa kwenye jua halafu nusu ya kati yake na kumi na mbili ndo kusini. Na ule ukungu wa kijani kwenye magome ya miti unaota upande wa kaskazini. Nimeona YouTube.

#18 Mwalimu_wa_Ramani
Dogo, hiyo video katengenezewa mtu wa Ulaya ambako jua la mchana mwaka mzima liko kusini kwake. Dar iko digrii 6.8 kusini ya ikweta na Moro hivyo hivyo. Jua linatupita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Kuanzia Machi mpaka Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwetu, miezi inayobaki liko kusini, na karibu na hizo tarehe kivuli chako unakikanyaga mwenyewe, hiyo kusini utaitoa wapi? Hata saa sita ya jua siyo saa sita ya saa yako, kwa wastani Dar ni kama saa sita na dakika ishirini na kitu, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45 na sisi tuko 39.

Inayofanya kazi huku ni kijiti. Chomeka kijiti, weka alama kwenye ncha ya kivuli, subiri robo saa au zaidi, weka alama ya pili. Kutoka alama ya kwanza kwenda ya pili ni mashariki, kwa kukadiria. Na ule wa kijani kwenye magome Uluguru umezunguka mti mzima, wenyewe unafuata unyevu tu.

#19 OsmAnd_Mwenyewe
Ndiyo mimi jamaa wa simu ya pili, nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi tu. Naona nahukumiwa sipo.

Kwanza simu yangu haikuwa kwenye kusevu betri, nilikuwa na pawabenki. Pili lile faili halijachorwa na mausi, lilirekodiwa na mtu anayekimbia milimani kwa saa yake ya mkononi, alipita mwenyewe. Kwa hiyo Pima_Pima nadharia yako ya 1960 imekufa. Na tatu Kigoda hakuwa anasali, alikuwa anakula karanga zangu.

#20 Kigoda_Ubungo
😂😂😂 karanga zilikuwa za kundi

#21 Pima_Pima
Haijafa bado. Faili la GPX lililorekodiwa na saa linatunzwa kwa WGS84, hapo nakubali, mstari ungekuwa sawa. Swali la mwisho: zile alama za njia panda, mto, sehemu ya kupumzika, zilikuja na faili au mliziweka wenyewe?

#22 OsmAnd_Mwenyewe
Njia panda na kijito niliingiza mimi kwa mkono usiku wa kabla ya safari, kutoka kwenye ramani ya ofisini kwa ndugu yangu. Lakini mstari ni wa saa.

#23 Pima_Pima
Sina swali zaidi mheshimiwa hakimu.

#24 Msitu_Mnene
Usifunge kesi haraka. Kasema tuko nje ya MSTARI, siyo nje ya alama. Mstari wa saa ya mkimbiaji uliorekodiwa chini ya miti ile ile, kwa kasi, na saa nyingine zinarekodi nukta chache ili kusevu betri, mstari wenyewe unakata kona. Unalinganisha kosa la leo na kosa la mwaka jana.

#25 Dada_Koodineti
Mkiwa mnaingiza namba kwa mkono chungeni alama ya kutoa. Lupanga ni kama -6.86, 37.71. Kuna mtu kwenye kundi letu alisahau ile kutoa, simu ikampangia safari ya kwenda jirani na mji wa Sodo, Ethiopia. Mlima upo huko pia lakini si wetu.

Na jingine, kuna digrii zenye desimali na kuna digrii-dakika-sekunde. 6°51' siyo 6.51. Hapo unakosea kilomita zaidi ya thelathini, siyo mita mia tatu, angalau kosa kubwa linaonekana. Haya madogo madogo ndo yanaua watu.

#26 Mluguru_Halisi
Niwasome tu halafu niseme la kwetu. Ile njia panda mnayoisema ina vijia zaidi ya viwili. Mtu akifungua shamba jipya la ndizi kijia kinahama, mvua za masika zikikata kingo kijia kinahama, mti ukianguka watu wanauzunguka mpaka mzunguko unakuwa ndiyo njia. Njia ya kwenye simu inaweza kuwa kweli ilikuwepo na sasa ni magugu. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, moja ya mwaka huu moja ya zamani.

Na kuna wazee watakwambia sababu nyingine kabisa, mlima wa Uluguru una mzimu wa Kolelo, unaingia kwa heshima, hupigi kelele wala kubishana ndani ya msitu. Mlikuwa mnabishana.

#27 Mchele_wa_Kyela
Hapa sasa ndo penyewe. GPS imegoma kwa sababu ya karanga za kundi.

#28 Bongo_Haiki
Mimi nasema ni mawe. Milima ina chuma, sindano ya dira inapotea na ile dira ya ndani ya simu nayo inapotea, ramani inajizungusha kwenye kioo, mtu anajiona yuko ng'ambo kumbe kageuzwa tu.

#29 Mwalimu_wa_Ramani
Nusu sahihi mkuu. Mawe ya volkano yanavuta sindano, ukiwa Meru au Kilimanjaro usiweke dira juu ya jiwe jeusi ukaiamini. Uluguru si volkano, ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, miamba ya kale sana iliyopikwa na joto na mgandamizo, sitaitegemea hiyo sababu hapo. Lakini dira ya ndani ya simu kuharibika, hilo ndiyo, na mkosaji mara nyingi ni kava la kufunga kwa sumaku. Toa kava, chora nane hewani na simu, itakaa sawa. Ila kumbuka dira ya simu inageuza ramani tu, nukta haihamishi. Waseme wenyewe: iliyokuwa inatofautiana ni nukta au mwelekeo?

#30 OsmAnd_Mwenyewe
Mimi nina kava la sumaku. Nukta nadhani. Au ramani ilikuwa imezunguka? Kigoda?

#31 Kigoda_Ubungo
Mkuu mimi nilikuwa naangalia yangu.

#32 Fundi_Minara
Mashahidi wenyewe ndo hawa. Ninyi na Organic Maps na OsmAnd wote mnasoma OpenStreetMap, ramani ya chini ni ile ile iliyochorwa na watu wa kujitolea. Dar imejaa mpaka vichochoro kwa sababu ya kazi kama ya mradi wa Ramani Huria tangu 2015. Huko milimani atachora nani? Kuna njia alipita mtu mmoja tu ndo akaichora. Kabla ya kwenda zima mstari, washa picha ya satelaiti na mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye urefu sawa), tazama mlima wenyewe umekaaje. Njia inahama, mgongo wa mlima hauhami.

#33 Sindano_Kali
Nirudi kwa Nahodha, dira. Watu wanaletewa dira na ndugu zao kutoka Ulaya halafu wanalalamika sindano inakwama. Siyo mbovu. Sumaku ya dunia haivuti kwa usawa tu, kaskazini mwa dunia inavuta ncha ya kaskazini ya sindano kwenda chini, na huku kwetu inavuta ile ya kusini. Dira ya kule imewekewa uzito kidogo upande wa kusini ili isawazike kwao, ikija Dar uzito unaongezea kule kule inakovutwa, sindano inaburuta kioo. Kuna dira zimetengenezwa kwa dunia nzima, Suunto na Silva wanazo zile za global. Ukinunua Kariakoo ilaze kwenye kiganja ikiwa sawa kabisa, zungusha mwili taratibu, sindano ikizunguka huru chukua, ikisuasua rudisha.

Tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya ramani kwetu ni digrii chache tu, kwa kushuka mlima usiumize kichwa nayo.

#34 Dogo_Tabata
Nimejaribu kijiti cha Mwalimu hapa uwanjani, kinafanya kazi kweli. Ila swali, kwa nini programu ya GPSTest nikiwa Coco Beach inaniambia niko chini ya bahari mita ishirini na kitu? Simu mbovu?

#35 Pima_Pima
Simu nzima dogo. GPS inapima urefu kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, siyo kutoka majini, na pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa mita ishirini na kitu. Programu nyingine zinarekebisha, nyingine zinakuachia hivyo hivyo. Hata Kilimanjaro, 5,895 tuliyokariri shule ni kipimo cha 1952, kile cha GPS cha 1999 kilitoa 5,892.

#36 Msitu_Mnene
Na urefu ndo silaha ambayo hakuna aliyeitaja. Saa au simu yenye barometa (kipimo cha mgandamizo wa hewa), ukiiseti pale chini kabla ya kuanza, ndani ya ukungu inakwambia uko mita 1,400. Unatazama ramani njia inakatiza wapi kontua ya 1,400, hapo ndo ulipo, haijali miti. Ubaya wake nchi za joto mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka wenyewe kila siku, saa nne asubuhi uko juu, saa kumi jioni uko chini, na hiyo inakudanganya mita ishirini hivi. Iseti upya kila ukifika sehemu unayoijua urefu wake.

#37 Shangazi_wa_Njia
Haya, mleta uzi aliuliza tunabeba nini, tumeishia kwenye umbo la dunia. Mimi nabeba simu mbili zenye ramani iliyoshushwa nyumbani kwa WiFi na kufunguliwa nikiwa flaiti modi kuhakikisha inafunguka kweli, pawabenki inayojulikana inakotoka maana zile za barabarani nyingine ndani kuna mchanga, dira, skrinshoti ya ramani iliyoprintiwa na kutiwa kwenye nailoni, tochi ya kichwa, filimbi. Filimbi puliza mara tatu, tulia, mara tatu tena. Huku saa kumi na mbili na nusu mle msituni ni usiku, simu inageuka tochi na tochi inakula chaji. Na ukienda milima ya baridi weka simu ndani ya nguo karibu na mwili, betri ikipoa inazima ikiwa na asilimia arobaini.

#38 Bongo_Haiki
Na Kilimanjaro siku hizi kuna intaneti, TTCL waliipeleka 2022. Sasa ramani ya nini.

#39 Sindano_Kali
Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mkuu, hata ukitaka. Mada ni sehemu ambazo unaweza ukajikuta peke yako.

#40 Dada_Koodineti
Vipi vile vidude vya kutuma ujumbe kwa satelaiti? inReach inatumia satelaiti za Iridium ziko 66, inatuma lokesheni hata ukiwa katikati ya Udzungwa. Kaka yangu ana iPhone 14 anatamba eti ina SOS ya satelaiti.

#41 Fundi_Minara
Ya iPhone inafanya kazi kwa nchi zilizoorodheshwa tu, sisi nilipoangalia hatumo, mwambie asiitegemee. inReach inafanya kazi ila ina malipo ya mwezi, na kabla hujaingiza kifaa cha satelaiti nchini uliza TCRA kwanza usije ukakutana nacho forodhani. Halafu ujumbe ukifika, anayekuja kukutoa korongoni ni nani? Ni Mluguru_Halisi na wenzake na panga.

#42 Mluguru_Halisi
Na tutakuja, ila mtulipe nauli ya boda mpaka mwisho wa barabara.

#43 Msitu_Mnene
Naona Pima_Pima ananyamaza kama kashinda. Ushahidi wa datamu ni alama mbili za kuandika kwa mkono tu.

#44 Pima_Pima
Nirushieni faili nilifungue. Kama kijito cha kwenye alama kiko mita mia tatu kutoka kwenye kijito cha picha ya satelaiti, mnanilipa supu.

#45 OsmAnd_Mwenyewe
Faili liko kwenye simu ya zamani, nimeshampa dogo nyumbani kaifomati 😭 namtafuta yule mkimbiaji.

#46 Shangazi_wa_Njia
Wakati mnamtafuta, mwisho wa mwezi tunaenda Morningside mpaka Bondwa, tunatoka na SGR ya asubuhi tunarudi jioni. Msitu ni hifadhi, kibali cha TFS kila mtu alipe chake. Nina nafasi chache, wenye dira zinazozunguka vizuri wanapewa kipaumbele.

#47 Dogo_Tabata
SGR wanaruhusu kupanda na fimbo ya kupandia mlima?